UZI: Wikendi ya sprint uwanjani, kusaka sekunde kwa gari la kawaida

#1 Mkia Mwepesi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mlinidai uzi huu tangu siku ile nilipogusia kwenye mada ya matairi, basi ndio huu. Niko kisiwa cha Anglesey, Wales. Kesho Jumamosi na keshokutwa kuna sprint kwenye uwanja wa Trac Môn, na jioni hii sina kazi zaidi ya kusikiliza upepo wa bahari ukitikisa hema.

Kwa wasiojua, sprint haina kubanana. Magari yanaachiwa moja moja, unaanza ukiwa umesimama, unakimbizana na saa, kisha unarudi kupaki na kungoja zamu yako. Asubuhi unapewa raundi mbili za mazoezi, halafu za kuhesabiwa tatu au nne, kutegemea mvua na ucheleweshaji. Raundi yako moja bora ndiyo inayoandikwa, na saa inasoma hadi sehemu ya mia ya sekunde. Ukijumlisha yote, siku nzima unaendesha kama dakika kumi. Muda uliobaki ni foleni, chai na maneno mengi.

Gari langu ni Mazda MX-5 ya kizazi cha pili, injini ya lita 1.8, nguvu za farasi kama 140 lilipotoka kiwandani, uzito tani moja na kidogo. Ndilo ninaloendea sokoni. Limepangwa daraja la magari ya barabarani yasiyo na turbo, kwa hiyo sishindani na wale wenye vigari vya kiti kimoja vinavyofanana na mende.

Masharti ni ya kawaida: leseni ya Motorsport UK (chama kinachosimamia mbio za magari Uingereza), uanachama wa klabu, helmeti yenye stempu wanayoikubali, ovaroli. Mbele ya gari unafunga kibao cheusi cha kusimama, urefu kama sentimita 25 na upana 5, ndicho kinachokata mwali wa taa ya saa. Waya wa negativu wa betri unazungushiwa utepe wa njano, ili waokoaji wasipoteze muda kuutafuta ukishapinduka. Bima ya kawaida ya gari kwa kawaida haivuki geti la uwanja. Ukigonga, umejigongea.

Sasa niseme langu, najua wengine mtanirukia. Watu wengi wanausaka muda mahali ambapo haupo. Wanausaka kwenye kuchelewa kufunga breki, na kwenye farasi. Chukueni kalamu. Unakuja na mwendo wa kilomita 140 kwa saa, kona inataka 60. Ukichelewesha breki kwa mita 5, ukabana kwa nguvu zaidi na bado ukaingia na 60 ileile, umeokoa kama sekunde 0.05. Basi. Na hapo roho imeshafika kooni. Sasa fanya hivi: ingia kwa adabu, chelewa kidogo kugeuza usukani, uone njia ya kutokea mapema, ukanyage mafuta kabla ya mwenzio, utoke na 63 badala ya 60. Kama mbele kuna mita 300 zilizonyooka, na gari linaongeza mwendo wa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, ukifika mwisho umeokoa sekunde 0.23. Zaidi ya mara nne ya ile ya breki, na abiria wako angekuwa amesinzia.

Shida ni kwamba ile ya kwanza unaisikia mwilini na ya pili huisikii. Ndiyo maana mtu anatoka uwanjani anatetemeka, anaapa ameruka, saa inamwonyesha kaongeza nusu sekunde.

Nitaleta habari kesho usiku. Maswali yaanze.

#2 Kapeto

Nakaa hapa kwanza, siti ya dirishani.

Ila mkuu niulize kwa nia njema. Mtu analipa hela yake, analala kwenye hema penye upepo, anaendesha dakika kumi, na hakuna zawadi? Si bora ununue kiwanja Chanika?

#3 Mkia Mwepesi

Kikombe kipo mkuu, ukiongoza daraja lako. Ada inazidi pauni mia kwa siku, bado mafuta na matairi. Kiwanja cha Chanika kitasubiri, magoti yangu hayatasubiri.

#4 Msee wa Turbo

Buda, heshima kwako, lakini hapo kwa farasi nakataa. Mimi niko Nairobi na Impreza WRX, tunaendanga autocross, vumbi tupu. Huku bila turbo gari inapumua kama mzee amepanda ngazi. Ukitoka kwa kona bila nguvu unabaki hapo ukisaga gia ya pili, na wenzako washafika kwa chai. Hesabu yako ya 63 ni poa, sawa, lakini mimi nikikanyaga nakupita hata nikitoka na 55.

#5 Mkia Mwepesi

Msee, hapo umesema kweli nusu, na hiyo nusu nakupa yote. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa imepungua kama asilimia 17, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kwa kiasi hichohicho. Farasi 140 za Mombasa zikipanda Nairobi zinabaki kama 116. Turbo inaisindika ile hewa nyepesi na kufidia sehemu kubwa. Ningekaa Nairobi hata mimi ningenunua Subaru.

Lakini kwenye sprint mnapangwa kwa madaraja. Anayeshindana nawe ana turbo kama yako na matairi kama yako, kwa hiyo farasi zenu zinafutana. Kinachobaki kati yenu ni nini? Na hizo 55 zako ukizifanya 58 na turbo ileile, utanipita kwa mbali zaidi. Hesabu haichagui injini.

#6 Fundi Gerezani

Nimesoma, nimefurahi. Mimi sikimbizi gari, mimi nalitengeneza likishakimbizwa, kwa hiyo niseme la upande wangu.

Vijana wanakuja hapa wananunua pedi za breki za bei mbaya, diski zenye matundu, wanapaka rangi nyekundu. Unafungua kopo la oili ya breki, unakuta nyeusi kama kahawa, ipo tangu gari lishuke bandarini. Wanangu, ile oili inanyonya unyevu, na Dar unyevu hauna likizo. Oili mpya ya daraja la DOT 4 haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishashiba maji, kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi 155. Kwenye foleni ya Buguruni hutaona tofauti. Ukibana breki mara tatu kutoka 140, utaiona. Inachemka, inatoa mvuke, na mvuke unabanika. Unakanyaga pedali inaenda hadi kwenye kapeti na gari halina habari.

Lita moja ya oili mpya, mtu mmoja akanyage, mwingine atoe upepo, mkianza na gurudumu lililo mbali zaidi na kopo. Hiyo ni kazi ya saa moja. Ifanye kabla hujaulizia turbo.

La pili: ukirudi kupaki breki zikiwa za moto, usivute handibreki. Weka gia na kabari. Diski ikikandamizwa mahali pamoja wakati ina moto, itakutikisia gari mpaka uniletee hela.

#7 Mkia Mwepesi

Shikamoo Fundi. Hiyo lita moja ilishaingia wiki iliyopita. Na nati za magurudumu nazikaza kwa spana ya kipimo, Nm 110, kila asubuhi na tena baada ya mazoezi. Hapa kuna watu wanazikaza kwa mguu halafu wanashangaa.

#8 Binti Lami

Kaka Mkia, hongera kwa uzi. Mimi wa Mombasa ila niko Dubai kikazi. Huku tuna Autodrome, iko tangu 2004, mzunguko mrefu ni kilomita 5.39. Wakati wa joto ni usiku tu au uache kabisa, mchana hewa inapita nyuzi 40 na lami ni tanuri. Sisi tatizo letu la matairi ni kuwa ya moto mno. Naanza na upepo mdogo, kama PSI 24, raundi ya tatu nimeshafika 31 na gari limeanza kuteleza kama limepakwa samli.

Sasa huko kwenu kwa baridi, na mnaendesha raundi moja tu, unaweka ngapi?

#9 Mkia Mwepesi

Dada, hili swali ndilo moyo wa sprint, na watu waliozoea siku za uwanja wa wazi, zile unazozunguka mfululizo utakavyo, wanajikwaa hapa.

Upepo wa tairi unapanda kama PSI 1 kwa kila nyuzi 6 au 7 za joto. Ukiendesha dakika ishirini mfululizo, lazima uanze chini ili ufike unapotaka. Mimi kwa tairi zangu nataka 28 au 29 zikiwa za moto, kwa hiyo siku kama hizo naanza na 23 au 24. Lakini kwenye sprint nasimama foleni kwenye upepo wa nyuzi 12, naachiwa, na dakika mbili baadaye nimemaliza. Tairi haikupata nafasi ya kupanda. Nikianza na 24 raundi nzima nitaendesha tairi lililolegea, linakunja bega kwenye kila kona. Kwa hiyo naanza na 27 na nakubali.

Ndiyo maana pia tairi linalosifiwa mitandaoni huenda lisikufae. Zile nusu kipara, zenye mifereji michache, ambazo huku zimewekwa kwenye orodha yake tofauti na tairi za barabarani, nyingi zinataka joto kwanza ndipo ziume. Kwenye raundi moja ya baridi, tairi zuri la barabarani linalouma mara moja linaweza kumaliza mbele ya tairi la bei mara mbili ambalo linaamka ukiwa umeshafika mstarini. Niulizeni mimi niliyeona watu wakiyafunika matairi kwa mablanketi ya kitandani.

Sasa nalala. Ukaguzi ni alfajiri.

#10 Kijana wa Kimara

Wakuu mnaongea sana. Mimi nina Crown Athlete, usiku saa nane Morogoro Road iko wazi, nimeshafunga 190. Hiyo sprint yenu ya raundi moja naona ya watoto.

#11 Binti Lami

Mdogo wangu, saa nane usiku barabara hiyo ina bodaboda wasio na taa, malori yaliyoharibika yaliyowekewa matawi ya miti, na watu wanaotoka kazini. 190 kwenye mstari ulionyooka inafungwa na mtu yeyote mwenye mguu. Hiyo si kazi ya dereva, hiyo ni kazi ya injini.

#12 Fundi Gerezani

Crown za namna hiyo tunazipokea hapa zikiwa kwenye breakdown. Tunauza milango.

#13 Kijana wa Kimara

Daah. Sawa wakubwa. Nasoma tu.

#14 Mkia Mwepesi

Nimerudi. Jumamosi imekwisha, nimeoga, nimekula chipsi za kizungu zisizo na kachumbari.

Leo tulitumia mzunguko wa International, maili 2.1, kama kilomita 3.4. Uwanja huu ulikuwa kambi ya jeshi zamani. Uko juu ya bahari ya Ireland, hauna miti, na upepo unakuja moja kwa moja kutoka majini. Upepo huo si mapambo. Ukikusukuma kwa nyuma unafika kwenye breki na mwendo zaidi ya ulivyozoea, ukikupiga usoni ile alama yako ya breki inakuwa mapema mno. Kabla ya kila raundi natazama bendera za wasimamizi. Wenzangu wanatazama simu.

Asubuhi waandaaji walituruhusu kuutembea uwanja kwa miguu. Wengi walibaki na chai. Mimi huwa natembea na kuchuchumaa kwenye kila kona, macho yakiwa kimo cha kiti changu, kwa sababu gari langu liko chini na kona unayoiona ukiwa umesimama siyo utakayoiona umekaa. Kona ya Corkscrew, kwa mfano, inateremka. Ukisimama unaona yote hadi chini. Ukikaa kwenye MX-5 unaona ukingo wa lami halafu anga. Kwa hiyo unahitaji kitu cha mbali cha kukielekea, nguzo au paa la banda, maana kinachofuata hukioni mpaka umeshakigeukia.

Mwanzo nao una pesa. Taa ikiwa kijani hakuna anayepima wepesi wako wa kushtuka, saa inaanza gari likikata mwali. Ondoka ukiwa tayari. Wanapima pia muda wa futi 64 za kwanza, kama mita 19.5. Asubuhi nilikuwa napata 2.9 kwa kuondoka kistaarabu. Mchana nilishika injini kwenye mizunguko elfu nne kwa dakika, nikaachia klachi kwa mguu laini mpaka tairi zikaanza kulalamika bila kulia, nikapata 2.6. Hizo ni sekunde 0.3 kabla hata ya kona ya kwanza, na hazikuhitaji ujasiri wowote, klachi tu iumie kidogo. Fundi asisome sentensi hiyo.

Lakini raha ya leo haikuwa gari langu. Kulikuwa na baba na binti yake wanaotumia Peugeot 106 moja. Inaruhusiwa, madereva wawili gari moja, kila mtu na namba yake, mnabadilishana kiti. Gari lilelile, matairi yaleyale, mafuta yaleyale, uzito wao haupishani sana. Binti alimwacha baba kwa sekunde 1.8.

Nilikaa ukutani nikawatazama raundi nzima, mmoja baada ya mwingine. Baba anaingia kona ya Church kwa kishindo, gari linainamia bega, anarekebisha usukani mara mbili, kisha anakanyaga. Binti anaingia kama anampeleka bibi hospitali. Usukani anaugeuza mara moja. Halafu unasikia injini: inafunguka yote wakati gari bado liko katikati ya kona, na haifungwi tena. Na Church ndiyo inayokutupa kwenye sehemu ndefu iliyonyooka kuliko zote, hadi kona ya Rocket. Chochote ulichotoka nacho pale, unalipwa au unalipishwa njia nzima.

#15 Msee wa Turbo

Ngoja ngoja. Kama wanatumia gari moja, wa pili anapata tairi zimeshapata moto. Binti alikuwa wa pili?

#16 Mkia Mwepesi

Ulijua pa kunishika. Ndiyo, asubuhi alikuwa wa pili. Baba naye alisema hivyohivyo, kwa sauti, mbele ya watu. Baada ya chakula wakabadilishana zamu, binti na tairi baridi, baba na tairi za moto. Pengo likashuka hadi 1.1. Kwa hiyo tairi zilikuwa na sehemu yake, na iliyobaki ilikuwa ya binti.

#17 Msee wa Turbo

1.1 na tairi baridi. Huyo dem aje Nairobi atufunze.

#18 Mtaalamu wa Simu

Habari wakuu, mimi mgeni kwenye jukwaa hili. Nimeona kuna programu za simu kama RaceChrono zinazopima muda wa mzunguko. Je, mtu akiweka simu tu kwenye dashibodi inatosha kujua anapoteza wapi?

#19 Mkia Mwepesi

Karibu sana. Kwa muda wa mzunguko mzima inakaribia, kwa kujua unapoteza wapi hapana. GPS ya simu nyingi inasoma mara moja kwa sekunde. Ukiwa kwenye 100 umetembea karibu mita 28 kati ya usomaji mmoja na mwingine. Kona nzima inaweza kuangukia hapo katikati, programu ikachora mstari ulionyooka juu yake. Nunua kipokezi cha nje kinachosoma mara 10 kwa sekunde au zaidi, kinaongea na simu kwa bluetooth.

Ukishapata mchoro, usitazame mwendo wa juu kabisa. Hicho ndicho cha kwanza kila mtu anakitazama na hakina la kukufundisha. Tafuta mahali ulipogusa mafuta baada ya kona na kisha ukayaachia tena, hata kidogo. Kile kijibonde kwenye mchoro kinakwambia uliingia na mwendo usio wako. Kila ninapokiona, naujua mlango wa kona ndio wa kurekebisha, ingawa shimo liko kwenye kutoka.

#20 Binti Lami

Hili la kijibonde nimelikopi. Kwenye michoro yangu vimejaa kama barabara ya kwenda kijijini kwetu.

Na mafuta je? Unaendesha na tangi tupu?

#21 Mkia Mwepesi

Lita moja ya petroli ni kama kilo 0.75. Ukitoa lita 30 umepunguza kilo 22, kwenye gari la tani moja ni kitu. Lakini ukishuka sana, kwenye kona ndefu petroli inakimbilia ukuta mmoja wa tangi, pampu inavuta hewa na injini inakohoa katikati ya kona. Mimi naacha robo tangi. Gurudumu la akiba, jeki, mazulia na kiti cha mtoto vinabaki hemani.

#22 Kapeto

Kiti cha mtoto! Mkuu wewe ni mtu mzima kabisa.

#23 Mkia Mwepesi

Jumapili usiku. Leo walifupisha, mzunguko wa Coastal, maili 1.55. Asubuhi lami ilikuwa imelowa.

Kwenye maji ule mstari uliouzoea unageuka adui. Mpira wa matairi ulioganda pale kwa miezi, ukishalowa unateleza kuliko lami iliyo pembeni. Kwa hiyo waliokwenda haraka asubuhi walipita nje ya mstari, kona nzima wakizunguka kwenye lami inayokwaruza, isiyo na mpira, na ungedhani wamepotea njia. Mwenye gari la farasi mia tatu na kitu kwenye daraja la juu aling'ang'ania mstari wa jana. Msee, usikasirike, alikuwa na turbo. Alimaliza nyuma ya Peugeot.

Mchana jua lilitoka, upepo ukakausha lami kwa nusu saa, na hapo ndipo mchezo ulipochacha. Kila mtu anajua raundi ya mwisho ndiyo itakuwa ya haraka. Kwenye foleni kimya. Watu wanavua jaketi ili kupunguza uzito, naona hata mmoja anakojoa nyuma ya banda na kusema ni mbinu.

Na ni hapo muda unapopotea. Nilisimama ukutani wakati daraja letu linaachiwa na nikawaona mmoja baada ya mwingine wakiingia kona ya kwanza kwa hasira, wakitaka kuchukua raundi nzima kwa kona moja. Raundi ya mwisho ilikuwa na lami kavu kuliko zote za leo, na bado karibu nusu ya daraja hawakuboresha muda wao. Lami ilikuwapo, tairi zilikuwapo. Walichoongeza ni breki za kuchelewa.

Mimi nilichagua kona mbili tu za kuendesha vizuri, zile zinazotupa gari kwenye sehemu ndefu, na zilizobaki nikazipita kama mtu wa heshima. Nimepunguza sekunde 0.9 kwenye muda wa raundi iliyotangulia, nimekuwa wa tatu kwenye daraja. Kikombe hakuna, Kapeto tulia. Wa kwanza alinizidi kwa 0.31, na MX-5 yake ni ya 1.6, ya kizazi cha kwanza, nguvu ndogo kuliko yangu.

#24 Msee wa Turbo

Sawa, nimeinua mikono. Nusu.

Sasa niambie kitu ya maana. Autocross yetu ni vumbi, gari inateleza kila saa. Hii mambo ya kuingia pole inafanya kazi kwa vumbi ama ni ya lami pekee?

#25 Mkia Mwepesi

Hesabu ya kutoka haibadiliki, ila njia ya kufika pale inabadilika. Kwenye vumbi lililolegea gari halikubali kugeuka kwa usukani peke yake, lazima ulitupe kidogo, mkia utoke, pua ielekee njia kabla hujafika katikati ya kona. Ndivyo wanavyofanya wale wa Safari Rally kule Naivasha. Lakini ukiwatazama vizuri utaona mkia unatoka mapema, wakati wa kuingia. Wakifika kwenye kutoka, usukani umeshanyooka na magurudumu yote manne yanasukuma mbele. Wale wanaotoa mkia wakati wa kutoka wanapigiwa makofi na watazamaji, na saa inawanyima.

Jaribu hivi: siku ya mazoezi, raundi moja endesha kwa gia ya juu zaidi ya unayoitumia. Turbo italala, utalazimika kutunza mwendo kwenye kona. Halafu linganisha muda.

#26 Kapeto

Mimi nimeshawishika, Mungu anisamehe. Nina IST, ile 1.3. Dar uwanja wa lami hatuna. Nikiwa na milioni moja na nusu ya kuanzia, siku nikipata nafasi popote pale, nianze na nini?

#27 Mkia Mwepesi

Helmeti nzuri kwanza, usinunue ya bodaboda. Kisha oili ya breki, Fundi ameshakwambia. Kisha matairi manne yanayofanana, ya mwaka huu au uliopita, tazama tarakimu nne kwenye ubavu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Hela ikibaki mlipe mtu anayejua akae kiti cha kushoto akutazame miguu. Usiguse injini. IST ina magurudumu ya mbele yanayovuta, kwa hiyo ukikanyaga mafuta mapema na usukani bado umekunjwa pua itasukuma nje. Nyoosha usukani kwanza, mafuta baadaye.

Na viti vya nyuma ving'oe, vinatoka kwa bolti chache.

#28 Kapeto

Viti vya nyuma mke wangu atauliza.

#29 Fundi Gerezani

Kapeto, leta gari Jumanne. Jumatatu nina Noah mbili za kushusha injini. Uje na oili ya breki yako mwenyewe iliyofungwa, sitaki kopo lililofunguliwa dukani, na mwambie mama viti viko kwangu vinafuliwa.